MGENI AMEKUJA DONGOBESH. MWENYEJI NAYE APONE

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa muda sasa wageni wamekuwa wakifika katika nyanda za juu za Mbulu na chini ya mlima Hanang, mkoani Manyara, na wanachokitafuta ni uponyaji wenyewe. Ni watafiti wa vyuo vyetu. Huketi na wazee na waganga, wakauliza mzizi upi huchemshwa kwa tumbo la kuhara, gome lipi hutafunwa kwa kikohozi, na jani lipi hufungwa juu ya kidonda kilichokataa kufunga. Kisha huchuma, hukausha, hutia katika mifuko na kwenda nayo maabara. Na maabara imekuwa ikiwajibu kwamba wazee hawakubahatisha tu. Katika mimea mingi ya namna hiyo mna viini vinavyoua vijidudu vya maradhi au kuvidumaza, na mna viini vingine, viitwavyo antioksidanti, vinavyozuia ule uharibifu wa polepole ambao hewa ya oksijeni huufanya katika miili yetu.

Sisi twaifurahia kazi hiyo, na twawapongeza waifanyao. Lakini yapo maneno ambayo hayana budi kusemwa, nayo ndiyo shabaha ya maoni yetu ya leo. Mti umetoka Dongobesh na elimu ya mti imetoka Dongobesh. Basi jibu nalo lazima lirudi Dongobesh, kwa lugha ambayo mwenye mti ataielewa, likiwa jema au likiwa baya. Utafiti ambao haujarudi kwa mwenyeji haujakwisha, hata kama umechapishwa katika majarida makubwa ya Ulaya na Marekani.

Dongobesh ni mji mdogo ulio kusini mwa mji wa Mbulu, katika njia iendayo Haydom. Nchi inayouzunguka ni tajiri kwa elimu ya mimea kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika wilaya hii moja wanakaa Wairaqw, ambao ni wakulima na wafugaji. Wanakaa Wadatoga, watu wa ng'ombe. Na katika bonde la Yaeda wanakaa Wahadzabe, ambao hata leo wako wengi kati yao wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Lugha za makabila haya matatu hazina udugu wa karibu hata kidogo. Kila moja imeutazama mti ule ule kwa macho yake na kuupa jina lake na kazi yake. Elimu ya vizazi vingi imekusanyika mahali padogo, nayo karibu yote imo vichwani mwa watu, na walio wengi kati ya watu hao ni wazee. Azikwapo mzee mmoja aliyezijua dawa, huzikwa naye mambo ambayo hakuna kitabu kitakachoturudishia.

Sasa na tuieleze kazi yenyewe ya watafiti, maana mwananchi hawezi kudai haki yake katika jambo asilolielewa. Mtafiti huusaga mzizi uliokauka, akauloweka katika spiriti, akachuja, akaivukiza spiriti mpaka ukabaki utomvu mzito. Kidogo cha utomvu huo hutiwa katika kijikaratasi cha mviringo, nacho huwekwa juu ya sahani iliyopandwa vijidudu: pengine vile viletavyo majipu na usaha, pengine vile vya kuhara au vya homa ya matumbo, pengine kuvu wa utando mweupe unaoota kinywani mwa mtoto mchanga. Sahani hulazwa katika joto usiku kucha. Asubuhi, vijidudu vikiwa vimeenea sahani nzima, mzizi hauna nguvu. Lakini ikionekana duara safi kukizunguka kijikaratasi, mtafiti hujua kwamba pale mna kitu. Ndipo hupima ni kiasi gani kidogo kabisa cha utomvu kitoshacho kuvizuia vijidudu, kisha huutenga utomvu sehemu kwa sehemu, akiijaribu kila sehemu, mpaka abakiwe na kiini kimoja ambacho mitambo yaweza kumweleza umbo lake.

Kwa antioksidanti jaribio ni jepesi zaidi kulitazama. Iko kemikali yenye rangi ya zambarau. Ikitiwa dawa ya mti yenye nguvu hiyo, zambarau hufifia ikawa manjano. Kila mtu ameona chuma kikishika kutu na mafuta yakichacha. Mambo hayo huletwa na oksijeni, na mfano wake hutokea katika mwili wa mwanadamu kila siku. Kiini kinachokizuia kitendo hicho ndicho kiitwacho antioksidanti. Matunda, majani ya chai na mboga zetu za kila siku vimejaa viini vya namna hiyo.

Afrika Mashariki ina mifano yake iliyokwisha kuthibitika. Mjafari, ambao Wasukuma na Wanyamwezi huuita mlungulungu, ni mti wa miiba uotao katika nyika zetu, na magome ya mizizi yake yamechemshwa kwa homa tangu zamani. Wakemia wamekuta ndani yake viini vichungu, kikiwamo kile kiitwacho cheleritrini, ambacho huua vijidudu vya majipu katika sahani ya maabara. Kadhalika uko mti ambao Wamasai huuita osokonoi na Wakikuyu huuita muthiga; wataalamu huuandika Warburgia. Magome yake huwasha ulimi kama pilipili, na watu huyatafuna kwa kikohozi na maumivu ya tumbo. Katika miaka ya 1970, kwa utafiti uliohusu kituo cha elimu ya wadudu cha ICIPE, Nairobi, ilionekana kwamba mti huo una viini ambavyo huwafanya viwavijeshi wakatae kula. Na kimoja cha viini vyake, poligodiali, huua kuvu. Hivyo mfugaji aliyetafuna gome lile porini alikuwa na sababu yake, ingawa hakuwa na jina la kemia la kulipa.

Kwa nini mambo haya ni ya haraka leo? Kwa sababu silaha tulizozitegemea zinaanza kuwa butu. Tangu penisilini ilipogunduliwa mwaka 1928 na kuanza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1940, ulimwengu ulijiona umemshinda adui. Lakini vijidudu navyo hujifunza. Mtu anunuapo vidonge vya rangi mbili dukani bila cheti cha mganga, akameza vinne na kuviweka vingine akiba kwa sababu amepata nafuu, huviua vijidudu dhaifu na kuviachia vilivyo hodari vizaliane. Mfugaji amdungapo ng'ombe sindano kwa kukisia hufanya lile lile. Wataalamu waliohesabu vifo vya mwaka 2019 ulimwenguni walikuta kwamba watu wapatao milioni 1.27 walikufa mwaka ule kwa sababu ya vijidudu sugu visivyosikia dawa, na kwamba hakuna sehemu ya dunia iliyoumia zaidi ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Serikali yetu ilitoa mpango wake wa kwanza wa kitaifa wa kupambana na usugu huo mwaka 2017. Dawa mpya zatakiwa, na zinapatikana kwa shida. Mizizi ya Mbulu ni mahali pamoja pa kuzitafuta.

Tunasema mahali pa kuzitafuta. Hatusemi kwamba zimekwisha kupatikana. Hapa twaomba msomaji atusikilize kwa makini, kwa maana uko umbali mrefu kati ya duara safi katika sahani na mgonjwa aliyepona kitandani, na wengi wamepotelea katikati ya njia hiyo.

Kwanza, kiasi. Dawa ya hospitali iliyosafishwa aghalabu humshinda adui wake kwa kiasi kidogo sana, ambapo utomvu wa mzizi huhitaji mara mamia au maelfu ya kiasi hicho. Vitu vingi huua vijidudu katika sahani. Spiriti huviua, na siki huviua, wala hakuna amwekeaye mgonjwa dripu ya siki. Pili, usalama. Kiini kinachoua kijidudu chaweza kuudhuru na mwili ukikinywa kwa wingi. Cheleritrini ile ile ya mjafari huua pia seli za mwanadamu katika majaribio ya maabara. Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa zaidi: mama wa Dongobesh huchemsha mzizi katika maji, lakini mtafiti huuloweka katika spiriti. Spiriti hutoa viini ambavyo maji hayavitoi, na moto wa jikoni huviharibu vingine. Basi kilichosifiwa katika jarida pengine hakimo kabisa katika kikombe anachokunywa mgonjwa. Ndiyo sababu twasema kwamba watafiti wapime na maji ya chungu, yakiwa yamepikwa kama mwenyeji apikavyo, kwa kipimo chake na kwa muda wake. Jibu la namna hiyo ndilo litakalomfaa mwenyeji.

Na ile antioksidanti yataka tahadhari zaidi, kwani neno hilo limekuwa mtaji wa wachuuzi. Siku hizi kila chupa iuzwayo stendi ya mabasi ina antioksidanti, na kila antioksidanti yadaiwa kuzuia saratani. Huko Finland, wavuta sigara wanaume zaidi ya 29,000 walishirikishwa katika jaribio kubwa, na baadhi yao wakapewa vidonge vya beta-karotini, ambayo ni antioksidanti inayopatikana katika karoti. Matokeo yalitolewa mwaka 1994. Waliomeza vidonge hivyo walipatwa na saratani ya mapafu zaidi ya wale ambao hawakuvimeza. Karoti ni chakula chema, na mchicha ni chakula chema. Lakini rangi ya zambarau kugeuka manjano katika chupa si ushahidi kwamba mtu amepona.

Nchi yetu imekwisha kulipa karo kubwa kwa somo hili. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Dawa ilitokana na mizizi ya mti ambao wataalamu huuita Carissa, nao ni mti wa kweli wenye viini vya kweli, unaojulikana katika tiba za makabila mengi. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wako wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini wakafia njiani, na wako wenye virusi vya UKIMWI walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Mchungaji yule alifariki mwaka 2021, wala hatuandiki haya kumlaumu marehemu. Twaandika kwa sababu jambo lile lilianza kwa imani na kuenea kwa uvumi, na ushahidi ukaja nyuma ukitweta. Utaratibu wa haki ni kinyume chake: ushahidi utangulie.

Wako watakaosema kwamba kudai ushahidi ni kuzidharau dawa za mababu. Tunawajibu kwa mfano wa pale pale Mbulu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianza kazi mwaka 1955, na sifa zake zimevuka mipaka ya nchi. Kuanzia mwaka 2017 watafiti wa Haydom pamoja na wenzao wa nje walilifanyia jaribio wazo lililoonekana jema: kwamba watoto wachanga wakipewa dawa za kuua vijidudu, pamoja na vitamini ya namna moja, wangekua vizuri zaidi na udumavu ungepungua. Watoto zaidi ya 1,000 walishirikishwa. Jibu likawa kwamba dawa zile hazikuongeza kimo chao. Hizo zilikuwa dawa za viwandani, zenye majina makubwa, lakini zilipimwa, zikaonekana hazifai kwa kazi hiyo, na jibu likatangazwa hadharani. Hakuna aliyesema kwamba wenye viwanda wamedharauliwa. Mzizi wa Dongobesh unastahili heshima ile ile, yaani kupimwa kwa haki na kuambiwa kweli.

Tena upo mfano wa mti uliopimwa ukashinda. Katika China ya karne ya 4 mganga mmoja, Ge Hong, aliandika kwamba pakanga, ambayo wataalamu huiita Artemisia annua, ilowekwe katika maji na kukamuliwa kwa ajili ya homa. Baada ya miaka zaidi ya 1,600 mwanasayansi Tu Youyou aliyasoma maandishi hayo, akatambua kwamba pengine moto ndio ulioiharibu dawa katika majaribio yaliyotangulia, akaitoa bila kuichemsha. Mwaka 1972 kiini chake, artemisinini, kilipatikana. Leo ndicho kiini cha dawa mseto ya malaria ambayo nchi yetu iliifanya kuwa dawa yake ya kwanza mwaka 2006, na Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tazama mambo mawili hapo. Elimu ya zamani iliandikwa, ndiyo maana ikapatikana. Na namna ya kuitayarisha, maji ya baridi au maji ya moto, ndiyo iliyoleta tofauti kati ya kushindwa na kushinda. Lau waganga wetu wasingeulizwa ila jina la mti tu, bila kuulizwa wanautayarishaje, ingekuwa nusu ya elimu imeachwa mlangoni.

Sasa twaja katika haki ya mwenyeji. Hili si jambo la hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Bayoanuwai mwaka 1996, nao wasema kwamba mimea ya nchi ni mali ya nchi na kwamba faida itokanayo nayo igawanywe kwa haki. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ilifafanua jinsi ya kugawana, na kwamba wenyeji wenye elimu ya asili waombwe idhini kabla. Mwezi Mei mwaka 2024, mjini Geneva, mataifa yalikubaliana mkataba mwingine, wa kumtaka aombaye hataza ya uvumbuzi uliotokana na mmea aseme mmea huo umetoka wapi na elimu yake ameipata kwa nani. Hapa nyumbani tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la kuwaandikisha waganga. Tunayo Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, ambayo mwanzo wake ni kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974. Tunayo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Tunayo Tume ya Sayansi na Teknolojia. Vyombo havikukosekana. Kinachotakiwa ni kwamba mzee aliyeketi chini ya mti wake Dongobesh ajue kwamba vyombo hivyo ni vyake pia.

Wenzetu wa kusini wamekwisha kuonja uchungu wa jambo hili. Wasani wa jangwa la Kalahari walikuwa wakitafuna mmea uitwao hoodia ili kuituliza njaa na kiu wakati wa kuwinda. Shirika la utafiti la serikali ya Afrika Kusini likachukua hataza juu ya viini vyake, na haki zikauzwa kwa makampuni ya nje, hali wenye elimu hawakuulizwa. Ilibidi wapige kelele, na mwaka 2003 mkataba wa kugawana faida ukatiwa sahihi. Mmea ule haukuleta utajiri uliotarajiwa, lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Mwaka 2019 wenye viwanda vya majani ya rooibos, ambayo hunywewa kama chai, walikubali kuwalipa Wakhoi na Wasani asilimia 1.5 ya bei ya majani yatokapo shambani. Mkulima wa Mbulu asiseme kwamba mambo kama hayo hayawezekani kwa watu wa porini. Yamewezekana, kwa watu waliokuwa wakidharauliwa zaidi yake.

Lakini haki ya mti huja pamoja na ulinzi wa mti. Dawa nyingi za wazee ni za mizizi na magome, na hapo pana hatari, kwani anayechuma jani huacha mti, naye anayeng'oa mzizi hukata maisha. Uko mti wa misitu ya milimani, Prunus africana, unaopatikana Kilimanjaro na katika milima mingine ya Afrika. Tangu madaktari wa Ufaransa walipoanza kutumia magome yake kwa maradhi ya tezi dume, katika miaka ya 1960, magome yamechunwa kwa tani, na mahali pengi miti ikachunwa kuzunguka shina zima ikakauka ikiwa imesimama. Kutoka mwaka 1995 biashara yake imewekwa chini ya uangalizi wa mkataba wa kimataifa. Mbulu isingoje kufika huko. Msitu wa Nou, unaozipa maji nchi za Mbulu na Babati, hauwezi kuwa ghala la kila mwenye jembe na gunia siku ambayo jarida moja litatangaza kwamba mzizi fulani una nguvu. Habari njema za maabara zaweza kuumaliza mti katika misimu michache kuliko ukame ulivyoweza katika karne nzima.

Kwa hiyo sisi twapendekeza mambo yafuatayo, nayo si makubwa mno kwa serikali wala kwa vyuo.

La kwanza, kila mtafiti apewaye kibali cha kuchuma mimea ya dawa atakiwe kurudi kijijini na jibu, katika mkutano wa hadhara, kwa Kiswahili chepesi, na pawe na mtu wa kulifasiri kwa Kiiraqw au Kidatoga inapohitajika. Aseme: mzizi huu umezuia vijidudu hivi kwa kiasi hiki, huu haukuzuia, huu tumeona una sumu, msiwape watoto wala waja wazito. Jibu la tatu ndilo lenye thamani kuliko yote, nalo ndilo linaloonekana mara haba katika vichwa vya habari. Mama ambaye leo anamchemshia mwanawe mzizi wenye sumu ana haki ya kuambiwa mapema kuliko msomaji wa jarida la ng'ambo.

La pili, mganga aliyetoa elimu aandikwe jina lake kwa ridhaa yake, na kijiji kiwe na mkataba ulioandikwa kabla ya gunia la kwanza kupakiwa garini. Hata kama hakuna fedha itakayopatikana, mkataba huo ni ushahidi kwamba elimu ilikuwa na mwenyewe.

La tatu, nakala ya kila mmea ikaushwe na kuhifadhiwa katika hifadhi ya taifa ya mimea iliyoko Arusha, na majina yake ya kienyeji yaandikwe kando ya jina la kitaalamu. Jina moja la kienyeji mara nyingi hubeba miti miwili au mitatu, na kosa la jina katika dawa ni kosa la roho ya mtu.

La nne, shule zetu za Mbulu na Hanang ziwe na vitalu vya miti ya dawa, watoto wapande na wajifunze kwa babu na bibi zao wangali hai. Mti unaopandwa kitaluni hauna haja ya kuibiwa msituni. Na kwa miti ya magome, waganga wafundishwe kuchuna upande mmoja tu na kuuacha mti upone kwanza, jambo ambalo wengi wao walilijua kabla biashara haijaingia.

La tano lawahusu wagonjwa. Dawa ya mti isimzuie mtu kwenda hospitali, wala isimfanye aiache dawa aliyopewa na daktari. Mtoto anayehara na macho yamezama apelekwe kituo cha afya siku ile ile, akinyweshwa maji ya chumvi na sukari njiani. Mwenye kikohozi cha wiki mbili apimwe kifua kikuu. Na mgonjwa akiwa ametumia mzizi, amwambie daktari waziwazi. Na daktari, tunamsihi, asimkaripie. Mgonjwa aliyekaripiwa huficha, na dawa mbili zinazogombana ndani ya mwili mmoja hazimngoji mtu aeleze.

Wakoloni waliitazama tiba yetu kwa jicho la kengeza. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilitungwa katika nchi ambayo mtawala hakuwa na haja ya kupambanua vema kati ya mganga na mchawi, na aibu ile ilitukaa vichwani hata baada ya Uhuru. Aibu hiyo haina budi kwisha. Lakini isibadilishwe na majivuno matupu ya kusema kwamba kila cha asili ni salama na kila cha mzee ni kweli. Kwinini yenyewe ilikuwa gome la mti kabla haijawa kidonge. Ilivuka daraja la kupimwa, ikawafaa watu wa mataifa yote. Mizizi ya Mbulu nayo ipitishwe daraja lile lile, na itakayovuka itatupa fahari isiyokuwa na wasiwasi.

Tunawaambia watafiti wetu: kazi yenu ni njema, endeleeni, lakini mkumbuke njia ya kurudi. Tunawaambia waganga: semeni mnayoyajua, kwa mkataba, kabla hamjaondoka nayo. Na ndugu zetu wa Dongobesh, Mbulu na Hanang, mgeni ajapo na daftari lake mkaribisheni vizuri kama ilivyo desturi yenu, mwonyesheni mti, na kabla hajaondoka mwulizeni kwa adabu atarudi na jibu siku gani. Siku hiyo iandikwe, na mwenyekiti wa kijiji akae na karatasi yake.